Maharage ya Pelagia

Asmahani, shoga yangu, fizikia imemponza Pelagia leo!

Si anajitolea kufundisha hapa Kibondo? Mkuu wa shule kakaa nyuma ya darasa, anampima kama anafaa kuajiriwa.

Pelagia akagawa maharage, aonyeshe bomu la nyuklia linavyolipuka. "Kila mmoja ni kiini cha urani. Ukipigwa harage, pasuka, rusha mawili!"

Mwanafunzi mmoja, Nduwayezu, maharage yakamwishia. Akachomoa kipande cha tofali ukutani. TOFALI! Likampasua mwenzake Omary mdomo.

Omary akanyanyua kiti. Dakika haijaisha, darasa zima ngumi, damu mpaka ubaoni. Pelagia analia, "Acheni jamani!" Nani amsikie?

Mkuu akajikokota mbele, shati limechanika, jicho limevimba.

"Mwalimu, somo limeeleweka. Kesho usije."