Siku Zawadi alipokataa kutumwa

Kasenga, Alhamisi usiku

Eti yeye si mtumwa! Leo jioni nilimtuma binti yangu Zawadi achote maji. Hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mama, minye si mtumwa wa hii nyumba!"

Mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua mboga za lengalenga. Akamwambia polepole kwamba bibi yake yeye alikuwa mtumwa kweli. Alikamatwa akiwa msichana mdogo, akauzwa, na wazazi wake hakuwaona tena mpaka kufa.

Miaka yote niliyoolewa humu, habari hiyo sikuwahi kuisikia.

Zawadi akainua macho kutoka kwenye simu. Kisha akauliza, "Yule bibi alikuwa anaweza kukataa kazi?"

"Hapana. Angepigwa."

"Basi minye nakataa, juu niko huru!"

Nilitaka kukasirika. Lakini mama mkwe, ambaye hunituma mimi tangu asubuhi mpaka jioni, alicheka hadi machozi yakamtoka. Halafu akanigeukia.

"Na weye, Mama Zawadi, utakataa siku gani?"

Nilibeba bidoni la maji mwenyewe, nikacheka njia nzima, na mpaka sasa sijui kama alikuwa anatania.