Samaki wa Bi Pindo

4 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Mgongo wako unaendeleaje? Na bado unainamia cherehani mpaka unasahau kula?

Kaa kwanza, nina habari. Nimepata samaki mpya! Mdogo kama ukucha, macho yamekaa juu ya kichwa, anaishi kwenye nyufa za matumbawe. Ndugu zake wana mapezi mawili ya tumboni yaliyounganishwa na utando, yakawa kama kikombe cha kung'ang'ania matumbawe maji yanapovuta. Ya huyu wangu hayajaungana. Ninaye mmoja tu, yuko kwenye chupa ya spiriti. Tarehe 20 Aprili nasimama mbele ya walimu. Wakimkubali, shahada ninayo. Nitampa jina lako, Bi Pindo, kama wateja wanavyokuita. Picha hiyo hapo.

Mwanao

12 Machi

Marahaba, mwanangu.

Mgongo upo, haujahama. Picha nimeonyesha kila mteja. Mmoja alikuja kupunguza suruali, akaondoka bila kupimwa. Asante kwa kunikumbuka, mimi niliyeishia darasa la saba.

Lakini usinikasirikie. Nimemtazama kwa miwani ya kushonea. Ukingo wa ndani wa kila pezi una vinyuzi, na vya huku vinatazamana na vya kule. Ningeletewa nguo hivyo ningesema hapa palishikana, pamechanika. Labda sijui kitu, samaki si sketi. Angalia tena.

Mama yako

9 Aprili

Mwanangu, hujambo?

Karibu mwezi sasa, kimya. Mdomo wangu huu! Kama nimekuharibia furaha, nisamehe. Umwite jina langu, usimwite, mimi nataka barua tu.

Mama yako

22 Aprili

Mama, shikamoo. Wa kuomba msamaha ni mimi.

Sikufichi, barua yako iliniudhi. Nilisema, huyu anajua nini zaidi ya vifungo? Siku ya tatu aibu ikanishika, nikamweka samaki chini ya hadubini. Vinyuzi vilikuwepo. Nikarudi kupiga mbizi siku tano, nikapata watatu hai. Mmoja alibandika tumbo kwenye kioo cha tangi nikaona kikombe kizima, mapezi yameungana. Yule wa kwanza nilimchana mwenyewe nikimtoa kwenye wavu. Ni samaki anayejulikana miaka mingi.

Nilipomweleza msimamizi wangu, alisema, "Ungewapelekea vile, wangekufelisha." Basi nikaandika upya, jinsi utando unavyochanika na kutudanganya sisi wasomi. Mama, nimefaulu! Bila wewe ningeumbuka mbele ya watu.

Mwalimu mmoja aliuliza nani aliyeliona kosa. Nikasema mama. Akauliza unafundisha chuo gani. Nikamwambia unashona sare za shule. Hakucheka. Alifungua kabati, akatoa picha thelathini na mbili za samaki ambao walimu hawana uhakika nao, akaomba anwani yako.

Asante, mama yangu. Vaa miwani, bahasha iko njiani.

Mwanao