Ile Video Nyeusi

Jumatatu, 6 Januari

Nimekapata mimi! Katoto ka plastiki, ndani ya kipande changu cha mkate wa Wafalme. Nimekauma, nusura nivunje jino. Meza nzima ikapiga makofi — anayekapata ndiye wa kuleta tamali za Kandelaria, tarehe mbili Februari, na mwaka huu ni juu yangu! Lula, wifi yangu, yeye alikichokonoa kipande chake kwa kisu kwanza, ndipo akala. Kila mwaka hivyo hivyo. Mwoga.

Lakini siku zote, akapate nani asikapate nani, tamali anapika mama mkwe. Leo mama mkwe huyo, doña Crescencia, akafuta chokoleti mdomoni, akasema safari hii yeye anakaa kitini, analetewa. "Ira anayo mapishi yangu yote kwenye simu yake. Nilimwambia mara moja, na mimi sisemi mara mbili."

Lula akanuna hapo hapo. Binti wa kumzaa hakufundishwa, kafundishwa mkwe. Tena mkwe wa kutoka Veracruz — "mwanamke wa majani ya ndizi", ndivyo Lula anavyoniita, kwa kuwa kwetu tamali, unga wa mahindi wa kupikwa kwa mvuke, tunazifunga kwa majani ya ndizi, na hapa Apizaco bila ganda la hindi si tamali. Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, bado mimi ni wa majani ya ndizi.

Leo lakini! Nilikaa pale nimevimba kama andazi. Mume wangu, Fermín, akanikanyaga mguu chini ya meza, yaani mke wangu, punguza. Sikupunguza. Nikasema kwa sauti: ndiyo, nilimrekodi Desemba, kila neno, na kama alivyotaka sijamtumia mtu. Imo humu tu. Nikaipigapiga simu kama mtu anavyompiga ng'ombe wake wa maziwa.

Jumamosi, 11 Januari

Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Nilikuwa juu ya paa naanika nguo. Jirani wa mkabala, Chabela, akaanza kumtupia mumewe vitu kutoka dirishani. Suruali. Viatu. Mara na tarumbeta lake la bendi! Natoa simu nirekodi — memori imejaa. Sasa hivi? Simu hii nayo! Ilikuwa ya bosi wa Fermín, ikawa ya Fermín, sasa ni yangu, ina ufa usoni na haibebi kitu.

Nikaanza kufuta mbio mbio. Salamu za asubuhi za shangazi zangu: mawaridi, paka, Bikira kwenye mawingu — futa, futa. Bado imejaa. Nikaingia kule inakopanga vitu vizito juu. Cha kwanza kabisa, video ndefu ajabu, nyeusi tii, huoni hata mkono. Nimejirekodi mfukoni tena, mjinga mimi! Futa. Ikaniambia imeiweka kwenye pipa, itakaa humo siku thelathini. Ikae ya nini? Nikamwaga na pipa lenyewe. Nafasi tele! Nikaliwahi tarumbeta likigonga lami.

Nikamtumia Lula. Akanipigia palepale, anacheka hana pumzi. "We Ira, kumbe una mambo! Ulikuwa umejificha wapi?" Tumepiga soga mpaka maharage yakaungua. Haijapata kutokea, mimi na Lula.

Jumapili, 19 Januari

Haipo.

Nilirudi misani, nikafunga mlango wa jikoni, nikachukua kalamu na karatasi nimsikilize mama mkwe kwa utulivu, niandike vipimo. Haipo. Nikatafuta kwenye picha, kwenye sauti, kwenye kila kisanduku cha simu hii. Haipo.

Na ghafla nikakumbuka. Mungu wangu, nilivyokumbuka! Nikakaa juu ya gunia la unga.

Siku ile ya Desemba mama mkwe alikataa kupigwa picha. Kamera ni jicho, alisema, na unga uliopigwa jicho hauumuki. Basi tukakubaliana: nikawasha kurekodi, nikaitumbukiza simu mfukoni mwa aproni. Yeye akawa anaongea, mimi naponda mafuta ya nguruwe, sufuria zinagongana. Ndiyo maana ilikuwa nyeusi! Lilikuwa giza la aproni yangu mwenyewe. Mama mkwe wangu mzima alikuwa mle ndani, na sauti yake, na yale asiyomwambia hata mwanawe wa kumzaa. Na mimi nikamfuta. Ili nini? Ili nirekodi suruali za mume wa mtu.

Naona aibu hata kuiandika. Nimeandika ili iwe imeandikwa.

Jumatatu, 20 Januari

Nimeenda sokoni kwa don Eleuterio, fundi simu. Nikasema kwa sauti ya chini. Yeye akajibu kwa sauti ya soko.

"Umefuta! Pipa nalo umemwaga?" Nimemwaga. "Baada ya hapo umerekodi kitu?" Kidogo. "Kitu gani?" Akaichukua simu, akakiona mwenyewe. Akacheka! Akamwita muuza soksi wa jirani aje aone tarumbeta. Kisha akanirudishia. "Bibi, hii ndiyo imekalia kiti cha ile. Mtu akishakaliwa hivyo, hata mimi siwezi kumwinua."

Akaniomba nimtumie ile ya tarumbeta. Nikamtumia. Sijui kwa nini nilimtumia!

Alhamisi, 23 Januari

Nimejaribu kupika tamali kwa kichwa. Nakumbuka maji ya maganda ya nyanya za kijani. Nakumbuka kuna kitu alikitia mwisho, kwa vidole viwili, akasema "sasa ndiyo unaamka". Chumvi? Mbegu za anisi? Alinigeuzia mgongo wakati anakitia, na mimi sikujali — si inarekodi! Mtu mwenye simu hatazami.

Zimetoka ngumu, unaweza kuezekea nyumba. Fermín akala moja, akatafuta neno zuri, hakulipata. Akauliza, si ungemsikiliza tu mama? Nikamwambia nimesikiliza, haya ni majaribio. Mume wangu hajui kusema uongo, basi hajui na kuusikia. Akachukua ya pili ili nisijisikie vibaya. Hiyo ndiyo iliyonikata maini.

Jumapili, 26 Januari

Nimefanya jambo baya zaidi.

Chakula cha mchana kwa doña Crescencia. Fermín alikuwa uani anatengeneza bomba, tumebaki sisi wawili. Akaniuliza, "Unanisikiliza?" Mdomo ukanitangulia: "Kila siku, mama." Akafurahi kama mtoto! Akataka kujua sauti yake ikoje humo ndani. Nikasema kama ya redio. Akajiweka sawa nywele.

Halafu akashusha sauti. "Kuna kitu nilikisema mwisho kabisa. Sufuria ilipoanza kuchemka, wewe ukatoka kufuata kuni, aproni ukaitundika mlangoni. Niliiambia aproni. Usoni kwako nisingeweza. Umefika hapo?"

Hapo ndipo pa kusema kweli. Nilipaona kabisa, paliachwa wazi kama mlango. Nikasema nimefika.

"Basi?" Ananitazama. Macho yake yalikuwa na maji.

Nikasema, "Sawa, mama."

Akanishika mkono akaubana, mzee yule, sikujua ana nguvu zile. "Basi tumekubaliana. Sitakusumbua, mwanangu."

Tumekubaliana nini? Yesu na Maria, nimekubali nini mimi?

Jumatano, 29 Januari

Nimemchokoza Fermín kwa mbali: mama angekuwa na ombi, lingekuwa ombi gani? Akawaza, akasema labda azikwe na shali yake, ile rebozo ya bluu. Au tumpakie rangi lango lake. Kisha akaniuliza kwani vipi. Hakuna, nikasema.

Kesho naenda kwake. Namwambia yote, na tarumbeta pia. Akinifukuza anifukuze.

Alhamisi, 30 Januari

Sikumwambia. Nilimkuta anakunja mashuka, anaimba.

Jumamosi, 1 Februari

Sasa najua.

Nilikuwa nimeloweka maganda ya mahindi, mikono imelowa, nasikia gari la Fermín linarudi nyuma mpaka mlangoni. Natoka. Juu ya gari: godoro, kiti cha kamba, kisanamu chake cha Mtoto Yesu wa Kandelaria kimevikwa hariri mpya, na doña Crescencia mbele amebeba mkoba mapajani, ameketi wima kama anakwenda kupigwa picha ya pasipoti.

Fermín akanikumbatia uani kwa nguvu. "Mbona hukuniambia? Mama kasema alikuomba Desemba, na wewe ukakubali." Mume wangu alikuwa analia. Amekuwa akitaka jambo hili muda mrefu, akaogopa kuniuliza, kwa sababu chumba ni kimoja cha ziada na nimekigeuza cha cherehani yangu.

Kwa hiyo ndilo hilo. Aliomba aje amalizie siku zake kwangu. Si kwa bintiye — kwangu. Akaliomba kwenye mfuko wa aproni, kwa haya, nikiwa nje.

Jioni Lula akapiga simu. Yowe lile! Kwamba nimemwiba mama yake kama nilivyoiba tamali. Doña Crescencia akaomba aongee naye mwenyewe, akamwita kwa jina lake la ubatizo. "Wewe nilikuambia kwa mdomo, Obdulia, mara nyingi tu, ukanibadilishia mazungumzo. Huyu nilimwambia kwenye chombo, na akanisikia."

Nimetoa cherehani. Nimefagia chumba. Kila mtu ananisifu, na kila sifa inaniingia kama mwiba.

Na linalonitafuna zaidi si hilo. Ningeisikia ile sauti, ningekubali? Nimejiuliza nikifagia. Ningesema ndiyo, au ningejifanya sijafika mwisho? Sijui. Sijijui! Nimefanya wema wa mtu mwingine, mtu ambaye angeisikiliza.

Jumapili, 2 Februari

Naandika nimekaa juu ya kifuniko cha choo, mlango nimeutia komeo. Wote wako jikoni. Nimesema naenda kuchukua simu. Simu ninayo hapa, mfukoni mwa aproni.

Yaliyotokea: tamali ziko motoni tangu tulipomrudisha Mtoto Yesu kutoka kubarikiwa kanisani. Saa ya kwanza, sawa. Ya pili, nafungua — uji. Nimeongeza moto. Nafungua tena — uji! Wageni wanakunywa atole, kinywaji cha moto cha mahindi, na kutazamana.

Doña Crescencia akaja na fimbo yake, akasikiliza sufuria. "Maji yapo," akasema. "Basi nani ana hasira humu jikoni?" Maana wote hapa wanajua: mtu mwenye kinyongo akikaa karibu na sufuria, tamali haziivi, hata uchome msitu. Macho yote yakamwendea Lula. Lula aliyekuwa kapiga mayowe jana mpaka mtaa wa pili umesikia.

"Cheza," mama yake akamwambia. Ndiyo dawa yake. Mwenye hasira anaicheza mbele ya sufuria mpaka imtoke.

Na Lula akacheza! Mwanamke mtu mzima, mbele ya watoto wake, na viatu vyake vya kanisani. Anacheza machozi yanamtoka. Akaja akasimama mbele yangu, akasema, "Nisamehe, Ira. Ni wivu tu. Mama amekuchagua na ana haki yake." Mimi nimeshika mwiko. Unga niliukosea mimi, na anayeomba msamaha ni yeye. Nikasema, "Yameisha, wifi." Nikalisema hilo! Sijui nimeumbwa na udongo gani.

Tukafungua sufuria. Uji.

Hapo Lula akajifuta uso. Sauti yake haikuwa ya ugomvi hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Mimi hasira sina tena, Mungu anaona. Basi tuwashe ile simu, tusikilize. Pengine kuna kitu Ira amekiruka kwa bahati mbaya."

Fermín akasema wazo zuri. Doña Crescencia akafikiri kidogo, nikaomba akatae — mbona alisema isisikike kwa mtu! Akasema, "Iwashwe. Nimeshazeeka na siri. Na wasikie na lile la mwisho, nilivyomwomba. Wajue nilimwomba vizuri." Akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani asubiri kujisikia.

Nimekuja huku. Nimeiwasha simu, kana kwamba itanihurumia. Ninaye Chabela na tarumbeta, basi.

Naweza kuidondosha ndani ya choo. Nimewaza hivyo, naapa, na mkono nimeunyoosha. Ingekuwa ajali, wangenipa pole, Lula angenipa pole wa kwanza. Nimeurudisha mkono. Bado nauangalia.

Fermín ananiita. Watoto wananiita.

Fimbo inakuja koridoni. Ni yeye. Hagongi kwa nguvu, anakwaruza mlango kwa ukucha tu.

"Ira? Kama unahangaika kunitengea kabati, acha, mwanangu. Vitu vyangu vichache. Mimi sijazi nafasi."

Nimesema nakuja, mama. Haondoki. Namsikia anapumua upande wa pili, anasubiri.