Nyayo Nyeupe za Kintinku

Shikamoo kaka Saidi. Jua la huku Kintinku linakausha hata mate.

Mwenyeji wangu, Mama Neema, alinipeleka jana kwenye jaruba lake la mpunga. Maji yamekauka, na juu ya udongo zimetokea nyayo nyeupe za chumvi, zinakwenda hadi kwenye mtaro uliozibwa.

“Za marehemu mume wangu,” akasema. “Aliuziba mwenyewe, maji yasipotee. Chumvi ikakosa pa kutokea. Kila kiangazi nyayo zinarudi.”

Tukauzibua pamoja. Leo asubuhi nimekuta na nyayo zangu za jana zimekuwa nyeupe.

Kaka, ule mtaro uliouziba shambani kwetu Pangani, ufungue leo. Nakuomba, uingie peku, na ukitoka ufute nyayo zako, zisije zikageuka chumvi kama zangu.

Nawaombea mvua nzuri,
Mdogo wako Mwanaidi