Mabega ya Zuhura

Mbuchi, Alhamisi. Mvua imekata tangu juzi, lakini joto lake limebaki hapa hapa, linanata shingoni kama kanga mbichi. Moyo wangu mwepesi.

Wiki iliyopita nilitaka kuacha kazi.

Nabuni bangili ya kuombea msaada. Uko shambani peke yako, nguruwe pori amekutokea au kiboko amepanda kutoka mtoni. Unainua mkono na kuupunga, king'ora kinalia kwenye madungu ya jirani, vile vibanda vya juu wanamolindia mpunga. Hakuna kubonyeza, maana mikono ina matope. Dar tuliipigia makofi. Nikamletea mdogo wangu Zuhura, anayelala kwenye dungu na mwanawe mdogo tangu mumewe aondoke. Aliniambia waziwazi kwamba kiboko hamwogopi sana. Anachoogopa ni kupiga kelele na asije mtu. Hofu hiyo ikimzidi, shamba analiacha.

Bangili ikalia kutwa nzima.

Yarabi, mie mtoto wa hapa hapa nimesahau vipi? Mpunga ukianza kuiva mtu anawinga ndege toka alfajiri, mikono juu, anapunga! Majirani walikimbilia king'ora mwanzoni, halafu wakachoka wakakizima. Zuhura akaitupa bangili kwenye ndoo. "Dada, chukua mwenyewe. Weye na ndege mtaelewana." Nilikasirika, nikaona aibu, nikaenda kulia chooni.

Jumapili kulikuwa na harusi. Zuhura akaingia ngomani, nami nikakaa kumtazama kama mwizi. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mwili ufanye nini ngomani ambacho shambani haufanyi kamwe?

Kiuno! Nani anapalilia huku anazungusha kiuno? Kesho yake nikawakusanya kina mama uani, na Kelvin, fundi wetu wa programu, na kompyuta yake. Mama mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. "Kiboko kasimama mbele yangu, mie nimkatie mauno?" Kisha uso ukabadilika. Hayo yanafundishwa ndani, akasema, si ya kumwonyesha Kelvin na mashine yake. "Ya ndani hayapigiwi king'ora, mwanangu." Kelvin alikuwa keshajificha nyuma ya jiko.

Basi Zuhura, bila kuulizwa, akatikisa mabega.

Mabega yanachezwa mbele ya kila mtu, hata wakwe. Umeshika panga, umebeba mtoto, mabega bado yako huru. Tukaipandisha bangili juu ya kiwiko, chini ya mkono wa gauni, Kelvin akaifundisha upya. Majirani nikawabembeleza wawashe ving'ora. Jana Zuhura aliwinga ndege asubuhi nzima, bangili kimya. Akambeba mwanawe, akatikisa mabega, king'ora hicho! Nilipiga vigelegele peke yangu kwenye matope.

Leo baada ya alasiri simu ikaita. Zuhura, anahema. Nikadhani kiboko.

Kumbe mtoto alikuwa analia. Akambeba, akaimba, akacheza kidogo kumbembeleza, na mabega yakaenda yenyewe. King'ora kikalia madungu yote.

Nikaanza kujitetea kabla hajamaliza. Nitairekebisha, nikamwambia. Anayecheza ana mdundo, aliyeogopa hana, kesho nakaa na Kelvin tuifundishe mashine tofauti hiyo. Wallahi sitaki kifaa kitakachomkataza mdogo wangu kucheza na mwanawe. Nilisema mengi. Nilijua ndoo ile inaingoja bangili yangu.

"Nyamaza kwanza, dada."

Akanieleza. Majirani walitoka mbio na mapanga na marungu, wakikanyaga majaruba ya mpunga. Mzee wa dungu la pili aliacha kandambili moja kwenye tope. Wamefika wanahema, wanamkuta anacheza. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Wao wakaangua kicheko, mmoja akambeba mtoto, mwingine akasema heri ngoma kuliko nguruwe. Wakakaa kidogo, wakarudi kwa ndege wao. Ving'ora vyao hawajavizima.

Sikujua analia au anacheka.

"Walikuja, dada. Wote walikuja. Mpunga wangu nitauvuna."