Harusi Mia Mbili Kumi na Nne, Uso Mmoja

Mpendwa mshauri, pokea salamu zangu, naomba msaada ingawa kuomba si kawaida yangu, na mwandiko ukipinda usijali maana shule niliiacha darasa la tatu na bado hakuna mshika kamera aliyewahi kunifikia, miaka thelathini na moja narekodi harusi na sijawahi kukosa pete ikivishwa, waulize wote. Sasa studio anaiendesha binti yangu, akasema Baba, harusi zako zote nimeziingiza kwenye kompyuta, lakini wateja wakifungua ukurasa wetu wanaona majina ya faili tu, kila video inataka picha ndogo ya mbele ili mtu aijue iliyo yake. Akataka kuzitoa yeye, nikamwambia ondoka hapo, nionyeshe mara moja tu. Ni programu isiyo na vitufe, dirisha jeusi tupu, unaiandikia amri, unaitajia video na sekunde, unabonyeza Enter, inakutolea picha ya sekunde hiyo. Nikaandika kwa kidole kimoja, sekunde ya tano, video zote kwa mpigo. Mshauri, ilikwenda kama cherehani, mistari inapanda na mimi nacheka peke yangu, harusi mia mbili kumi na nne kabla chai haijapoa, nikazipandisha zote kwenye ukurasa bila kuzitazama maana kazi yangu huwa haikaguliwi.

Kumbe tangu nianze kazi hii, kabla sijarekodi chochote huigeuza kamera nikajirekodi mwenyewe sekunde kumi kupima mwanga na sauti, nasema moja, mbili, fundi yupo, na kipande hicho sijawahi kukikata kwa sababu nimetoka vizuri. Basi kila harusi sasa ina uso wangu, masharubu meusi, masharubu ya mvi, mara na miwani, mara bila miwani. Nilifurahi mpaka nikamwita mke wangu aone, akasema mmoja alikuwa ananitosha.

Lakini mama mmoja mjane alikuja kutafuta harusi yake amwone marehemu, akapiga simu studio, "Nimekutana na yule mzee mara mia mbili, mume wangu mmemweka wapi?" Binti akaniambia, "Baba, harusi si zako. Mwezi ukiisha picha hazijabadilika, hii mashine huigusi tena." Nikamjibu programu yake mbovu. Sasa nibadilishe nini sijui, na kumwuliza siwezi kwa kuwa nimeshasema ni mbovu, na ile mashine naipenda mno. Nifanyeje bila kushuka hadhi?

Ni mimi, Fundi Mkuu

*

Fundi Mkuu, nimecheka hadi jirani wa ofisini akaja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka.

Programu haina kosa. Uliiambia sekunde ya tano, ikaleta sekunde ya tano, na aliyekuwepo hapo ni wewe. Mtu mzima wa miaka yako unaisingizia mashine.

Kinachobadilika ni namba ya wakati, basi. Lakini nakuona tayari kidole kiko hewani: usiweke dakika ya ishirini kwa zote ukabonyeza tena. Utapata migongo ya wageni na viti vitupu. Kila harusi ina dakika yake, na hapo ndipo binti yako atakwama bila wewe. Amri anaijua yeye. Pete inavishwa dakika ya ngapi, nani anajua kama si wewe uliyekuwa umeshika kamera?

Anza na ya yule mama, leo hii. Tafuta dakika ambayo mumewe ameitazama kamera, toa hiyo picha moja, ifungue, ione kwa macho yako ndipo uipandishe. Kisha mpigie simu wewe mwenyewe umwombe radhi. Usimsimulie miaka thelathini na moja.

Zilizobaki, chukua daftari, pitia video kumi kwa siku na uandike dakika zake. Mpelekee binti, ukae kiti cha pembeni, yeye aandike amri na wewe utaje wakati. Hadhi yako haitapungua hata kidogo. Atakuhitaji mpaka video ya mwisho.

Ila kabla hujakaa, mwambie, "Mwanangu, nilikosea." Ukishasema hivyo, funga mdomo. Neno "lakini" usilitie, maana najua liko tayari ulimini.