Dereva wa Ubalozi Hajarudi

Kampala, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani na uvimbe wa mguu umepungua. Baba naye, kifua kimetulia? Na mwanangu Zena, anakula vizuri? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia. Leo nitakueleza yote, maana barua hii haipiti posta.

Unajua bwana ninayempikia ni afisa wa ubalozi. Tangu mizinga ya Watanzania ianze kusikika upande wa Masaka, askari wanamwona kila mgeni jasusi. Majuzi afisa mwingine alipigwa kitako cha bunduki mbele ya watoto wake, mkewe akavuliwa saa na viatu. Bwana wangu akasema bendera ya gari itatulinda.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunakwenda sokoni Nakasero. Bwana alikaa nyuma, mimi mbele na Yusufu, dereva wetu. Yusufu ni Mnubi wa Kisenyi, mcheshi sana, kila siku ananitania kwa Kiswahili changu cha Mombasa. Tulipofika kwenye kizuizi, askari hawakuiangalia hata hiyo bendera.

"Toka inje! Wewe muzungu iko jasusi!"

Bwana akatoa kitambulisho. Wakamwangusha, wakampiga mateke mpaka miwani ikavunjikia usoni. Mama, nilishika kikapu tu. Yusufu ndiye aliyeshuka.

"Afande," akasema kwa adabu, "huyu mgeni ya serikali. Mukimuua, itakuwa taabu kwa sisi wote."

Afande akamgeukia. "Na wewe nani? Wewe nakula na wazungu, eh?"

Wakamtia Yusufu kwenye buti ya gari lao wakaondoka naye. Bwana akanirudisha nyumbani akiendesha kwa mkono mmoja, damu ikimtiririka shingoni.

Ubalozi ukalalamika, na Jumatatu akaja mkubwa mmoja wa serikali kutoa pole. Alisema vijana walikosea. Bwana akamwuliza dereva wake yuko wapi. Yule mkubwa akanywa chai kwanza, nami nimesimama pale na birika, kisha akasema, "Dereva gani?"

Mchana huo akaja Hawa, mke wa Yusufu, na mtoto mgongoni. "Dada, twende kambini. Wewe ndiye uliyeona." Niliogopa, lakini ningemwambiaje hapana? Askari wa langoni alitusikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Hapa hakuna mtu kama huyo. Lakini wewe, mama, nalala wapi?" Kabla sijamfinya, Hawa alishamtajia mtaa wake.

Jana wanaume wawili wenye miwani ya jua wakaenda Kisenyi kumwulizia Hawa. Bahati alikuwa huku kwetu. Jirani akamletea habari mbio, akamwambia asirudi.

Sasa bwana anaondoka kesho alfajiri kwa gari kuja Kenya, kupitia mpaka wa Malaba. Faili na masanduku ya ubalozi yamejaa, imebaki nafasi moja, na nafasi hiyo ni yangu. Nilikuwa nimeshafunga mzigo, mama. Gauni la Zena nililitia juu kabisa lisikunjike. Nikatoka jikoni nikamkuta Hawa amekaa chini anamnyonyesha mtoto, macho yako kwenye geti.

Nikamwambia bwana amchukue yeye.

"Nilikuahidi kukufikisha kwenu," akasema. "Sijui kama litapatikana gari jingine."

"Yusufu alishuka kwa ajili yako," nikamjibu.

Alitoa kalamu mfukoni. Kisha akamwuliza Hawa mtoto anaitwa nani, amwandikie karatasi za njiani.

Basi mama, huyu aliyekukabidhi barua ndiye Hawa. Mpe kitanda changu. Usimwulize habari za mumewe mpaka aanze mwenyewe. Gauni la Zena analo yeye.

Mimi nitahamia Namuwongo kwa Mama Akinyi, Mkenya mwenzetu anayeuza samaki, nitafute lori la kunivusha mpaka. Msalimie baba, na kaka Salimu wa reli, na shangazi anayekusaidia kupika. Mwambie Zena mama yake yuko njiani.

Tangu adhuhuri kuna gari lisilo na namba limesimama ng'ambo ya barabara. Waliomo hawajashuka. Niombeeni.

Mwanao,
Mwanaidi